Fahamu Maneno ya Msingi ya Cheti cha Dawa: Kinga ya Mgonjwa Karatu na Ngorongoro

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola au mfugaji wa Endulen anapoondoka kwenye dirisha la dawa, safari yake ya kurudi nyumbani huwa ndefu, na si rahisi kurejea kesho kuuliza alichosahau. Kwa sababu hiyo, mteknolojia dawa anawajibika kukisoma cheti kwa usahihi na kukieleza kwa maneno ambayo mgonjwa ataweza kuyafuata akiwa nyumbani.

Cheti cha dawa ni maagizo ya maandishi ya tabibu kwa mtoa dawa. Huonesha jina na umri wa mgonjwa, uzito wake iwapo ni mtoto, tarehe, jina la dawa, nguvu, dozi, muda wa matibabu na saini ya mwandishi. Alama ya Rx inayotangulia hutokana na neno la Kilatini lenye maana ya "chukua".

Jina, nguvu na dozi

Dawa huwa na jina la asili, kama parasetamoli, na jina la kibiashara, kama Panadol. Mgonjwa asiyeelezwa kuwa hizo ni dawa moja anaweza kuzimeza zote mbili na kudhuru ini lake.

Nguvu ni kiasi cha kiambato kilichomo katika kidonge kimoja au katika kipimo fulani cha dawa ya maji. Dozi ni kiasi kinachotumiwa kwa wakati mmoja. Aliyeandikiwa miligramu 500 za amoksisilini, ikiwa zilizopo ni kapsuli za miligramu 250, atameza 2 kwa mara moja. Aidha, miligramu 1 ni sawa na mikrogramu 1,000. Kuvichanganya vipimo hivyo ni kosa la mara elfu.

Vifupisho vya muda

- OD: mara 1 kwa siku
- BD: mara 2 kwa siku
- TDS: mara 3 kwa siku
- QID: mara 4 kwa siku
- AC: kabla ya kula
- PC: baada ya kula
- Nocte: usiku
- PRN: inapohitajika
- Stat: papo hapo

Tahadhari inahitajika, kwani katika huduma za macho OD huweza kumaanisha jicho la kulia. Kifupisho kikiwa na utata, au mwandiko usiposomeka, mtoa dawa hapaswi kubahatisha, bali amuulize aliyeandika cheti.

Kumweleza mgonjwa

Maandishi "1x3" juu ya bahasha ya dawa yana maana ya kidonge 1, mara 3 kwa siku. Asiyeelezwa anaweza kumeza vidonge 3 kwa pamoja.

Saa nazo huleta mkanganyiko. Dawa mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa dozi 6 ndani ya siku 3, na dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza saa 2 asubuhi atameza ya pili saa 10 jioni, wala si saa 8 mchana. Siku mbili zinazofuata humeza asubuhi na jioni, pamoja na chakula au maziwa.

Katika wilaya hizi zenye wazungumzaji wa Kiiraqw, Kimaa, Kidatooga na Kihadza, kauli ya "umeelewa?" haitoshi, kwa kuwa wengi huitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Njia bora ni kumwomba mgonjwa, au ndugu anayemtafsiria, arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe.

Vilevile, mgonjwa aliyeandikiwa antibiotiki aelezwe kuzitumia kwa muda wote aliopangiwa na asimgawie jirani, kwani matumizi holela huchochea usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa (UVIDA).

Kwa upande wake, mwananchi ana haki ya kuuliza kabla ya kuondoka dirishani: dawa hii inaitwaje, inatibu nini, nitumie kiasi gani, saa ngapi na kwa siku ngapi? Pale ambapo mojawapo ya maswali hayo halijajibiwa, huduma ya dawa bado haijakamilika.