Bwanyenye ananunua mtoto ‘bora’, wa selimundu angoje hadi lini?

Hebu fikiria umeingia kliniki na mpenzi wako. Mnaonyeshwa viinitete vitano mlivyotungishiwa maabarani, na kila kimoja kina alama zake: uwezekano wa kupata kisukari, saratani, urefu, hata akili. Mnachagua kimoja, mnalipa, mnaenda zenu kungoja mtoto.

Usidhani ni filamu. Nchini Marekani, kampuni ya Orchid hutoza dola 2,500 (takriban Sh320,000) kusoma jeni za kiinitete kimoja tu. Nyingine, Nucleus, huwapa wazazi hata makadirio ya akili ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Huko ni kuchagua. Hatua inayofuata ni kubadilisha. Mwaka wa 2018, mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliokuwa amehariri jeni zao wakiwa viinitete, ati awakinge dhidi ya HIV. Wanasayansi wenzake walimkemea, na mahakama ya Shenzhen ikamfunga miaka mitatu. Lakini wenye chapaa hawakukata tamaa. Mwaka wa 2025, kampuni ya Preventive ya San Francisco ilitangaza kupata dola 30 milioni za utafiti wa kuhariri viinitete. Inasema inataka kuzuia magonjwa ya kurithi. Sawa, lakini nani atazuia walio na pesa kuagiza zaidi ya hapo?

Sasa rudi nyumbani. Ukiwa Kisumu, Busia au Kilifi, huenda unamjua mtu mwenye selimundu. Umemwona akijikunja kwa maumivu ya mifupa, akikosa shule, akiongezewa damu. Mkasi uleule wa kukata jeni, CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020, unaweza kumsaidia. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya Casgevy: seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, huhaririwa maabarani, kisha hurudishwa mwilini mwake. Bei yake? Dola 2.2 milioni. Hiyo ni zaidi ya Sh280 milioni kwa mgonjwa mmoja.

Wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika. Bei nayo imepangwa Marekani.

Kuna funzo jingine, na limetoka hapahapa kwetu. Miaka ya 1950, mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja pekee hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, unaugua. Yaani jeni tunayoiita mbovu iliwaokoa mababu wa wengi wetu. Kwani bwanyenye anayetaka kufuta ‘mbovu’ na kuweka ‘bora’ anajuaje anachokitupa?

Kuhusu akili, tulia. Inahusisha maelfu ya jeni, pamoja na chakula, mwalimu na usingizi. Alama za kliniki ni makadirio dhaifu. Hatari ni watu kuziamini. Leo mtoto wa Runda anamzidi wa Mathare kwa karo na intaneti, na sote tunajua hiyo ni pesa ya mzazi. Kesho atakuwa na cheti cha maabara kinachodai amezaliwa bora. Utajiri hufilisika, cheti kama hicho kitamfanya maskini aonekane nusu mtu.

Utu haujawahi kupimwa kwa damu. Hupimwa kwa tunavyomtendea aliye dhaifu.

Basi wewe ufanye nini? Kabla ya kuoa au kuolewa, pimeni damu wote wawili mjue kama mnabeba jeni ya selimundu. Na mwanasiasa akija kukupigia domo kuhusu teknolojia, muulize swali moja: tiba hii itamfikia lini mtoto wa Busia?