Namba ya Gari la Kale Ujerumani: Umri Pekee Hautoshi

Nchini Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 tangu lisajiliwe mara ya kwanza laweza kupewa namba inayoishia kwa herufi H, alama ya gari la kale. Wanunuzi wengi hudhani kwamba umri pekee unatosha, sivyo. Sharti mtaalamu aliyeidhinishwa alikague na kuthibitisha kwa maandishi kwamba limetunzwa vizuri na kwamba sehemu zake kuu ni za asili, au za namna iliyotumika enzi zake. Gari lililoliwa na kutu hukataliwa.

Mwenye namba hiyo hulipa kodi ya yuro 191.73 kwa mwaka, hata injini iwe kubwa kiasi gani, na huruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji yanayozuia magari ya moshi mchafu. Hata hivyo, piga hesabu kwanza. Gari la petroli la lita 2 lisilo na kisafisha moshi laweza kutozwa zaidi ya yuro 500 likiwa na namba ya kawaida. Hapo H ni nafuu. Lakini gari la petroli la lita 1.2 lenye kiwango cha Euro 2 hutozwa takriban yuro 88 tu. Hapo H ni hasara.

Muuzaji akikuahidi kwamba gari litapata H, tunakushauri udai cheti cha mtaalamu kabla ya kulipa, au ahadi hiyo iandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Ukaguzi wa usalama wa kila miaka 2 na bima hubaki kuwa lazima.