Kazi ya Hoteli na Ngazi Inayokatika Katikati

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na kwa hesabu za Zanzibar peke yake waliingia zaidi ya laki saba. Ukikumbuka kwamba mwaka 2020 korona iliishusha Tanzania kutoka wageni milioni moja na nusu hadi laki sita na ushee, utaona sekta hii imeinuka kwa kasi ambayo wachache waliitazamia. Hoteli zinaendelea kujengwa kutoka Nungwi mpaka Jambiani, na huko Bara, Arusha na Dodoma hazijabaki nyuma. Taarifa za uwekezaji hutaja idadi ya vyumba na idadi ya ajira, kisha huishia hapo. Swali linalobaki ni zito zaidi kwa kijana anayechagua fani: akianza leo akiwa mhudumu wa mkahawa au wa vyumba, baada ya miaka kumi na mitano atakuwa ameketi kwenye kiti gani? Katika hoteli nyingi za ufukweni atakuwa msimamizi wa zamu, chini ya meneja aliyeletwa kutoka nje. Wengi husema amekwama kwa sababu hana elimu au lugha. Mimi naona kwamba amekwama kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkabidhi hesabu, na kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Hoteli ni miongoni mwa biashara kubwa chache ambazo tangu zamani zimemruhusu mtu kupanda kutoka chini kabisa. César Ritz, ambaye jina lake limebaki kwenye hoteli ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1898, alizaliwa kijijini Uswisi, kitinda mimba wa watoto kumi na watatu, akaanza kazi akiwa mwanagenzi wa kuhudumia mvinyo. Chuo cha hoteli cha Lausanne, kilichoanzishwa mwaka 1893, hadi leo huwapitisha wanafunzi wake kwenye kazi za mikono, jikoni na mezani, kabla ya kuwafundisha uongozi. Desturi hiyo ina sababu ya kibiashara. Meneja asiyejua chumba kimoja kinachukua dakika ngapi kusafishwa na kutandikwa hawezi kupanga zamu, na asiyejua samaki wa kilo moja anatoa sahani ngapi hawezi kupanga bei ya menyu. Mhudumu wa Paje au wa Diani, kwa hiyo, tayari ana nusu ya umeneja mikononi, tena ile nusu ambayo darasa peke yake haliwezi kuitoa.

Nusu ya pili ni tarakimu. Mwaka 1926 wenye hoteli wa New York walichapisha mfumo mmoja wa kupanga hesabu za hoteli, na tangu hapo biashara hii imezoea kusomwa kwa namna moja karibu kila mahali: mapato ya vyumba kando, chakula na vinywaji kando, gharama za kila idara mbele ya mkuu wake. Mwenye mali aliyeko Milan au Muscat hana haja ya kuitembelea hoteli kila mwezi, kwa kuwa ripoti inamweleza. Tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 60. Usiku mmoja vyumba 42 vina wageni kwa dola 100 kila kimoja. Imejaa kwa asilimia 70, imeingiza dola 4,200, sawa na dola 70 kwa kila chumba kilichopo. Usiku mwingine bei imeshushwa hadi dola 75 na vyumba 54 vimepata wageni. Imejaa kwa asilimia 90, lakini imeingiza dola 4,050, yaani dola 67.50 kwa chumba, na juu ya hapo kuna vyumba 12 zaidi vya kusafisha, mashuka ya kupeleka kwa dobi, chai ya asubuhi, maji, na umeme wa viyoyozi. Mhudumu aliyekimbia kutwa nzima ataamini hoteli imefanya vizuri. Aliyeshika ripoti anajua imerudi nyuma. Anayeweza kueleza tofauti hiyo mbele ya mwenye mali ndiye anayepewa hoteli, hata kama hajawahi kutandika kitanda maishani mwake.

Sasa tazama jinsi maisha ya kazi yanavyomzuia mhudumu kuifikia nusu hiyo. La kwanza ni mkataba wa msimu. Masika ya Aprili na Mei yakiingia, hoteli nyingi za Unguja hufunga au hubakiza wafanyakazi wachache, na wengine hurudi makwao mpaka wageni wa Juni na Julai waanze kushuka. Wengi hurudi kwa mkataba mpya, pengine katika hoteli nyingine, na mwajiri mpya hawahesabii miaka iliyopita: anawapa sare na trei kama walivyopewa mara ya kwanza. Hasara yake inazidi mshahara wa miezi miwili. Matengenezo makubwa, kuhesabu mali iliyopo stoo, kufunga hesabu za msimu uliopita na kupanga bei za msimu ujao ni kazi ambazo hoteli huzifanya zaidi inapokuwa tupu, wakati yule mhudumu yuko Makunduchi anapalilia au amevuka maji kurudi Tanga. Anaifahamu hoteli iliyojaa tu, na mtu hujifunza umeneja zaidi ikiwa tupu.

La pili halizungumzwi sana, nalo ni bakshishi. Mhudumu hodari wa mkahawa au wa baa, katika msimu mzuri, anaweza kurudi nyumbani na fedha zinazozidi mshahara wa msimamizi wake. Ukimwambia ahamie stoo, au akae mapokezi usiku akifunga hesabu za siku, unamwambia aache kipato cha leo kwa ahadi ya cheo ambacho hajamwona jirani yake yeyote akikifikia. Kukataa kwake ni uamuzi wa mtu mwenye watoto shuleni, wala si uvivu. Ngazi ya hoteli ina mahali ambapo anayepanda hupata pungufu kuliko aliyebaki chini, na hoteli inayotaka viongozi kutoka miongoni mwa watu wake haina budi kuliziba pengo hilo kwa posho mpaka mtu atakapothibitishwa. Katika bajeti ya hoteli ya nyota nne hiyo ni fedha ndogo sana.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Kenya ilitangulia mapema: Chuo cha Utalii cha Nairobi kilianza mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi, kikajengwa pamoja na hoteli yake ya mafunzo, na sekta yenyewe ikawekewa tozo ya asilimia 2 ya mauzo ambayo ilisaidia kukiendesha. Wahitimu wake walisambaa katika hoteli za ukanda huu wote, jambo linaloeleza kwa sehemu kwa nini Mkenya ni sura ya kawaida katika ofisi za hoteli za Zanzibar na Arusha. Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi ya Bustani jijini Dar es Salaam, ina chuo cha hoteli na utalii cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) huko Njiro, Arusha, na Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pale Maruhubi pamoja na vituo vidogo vya jamii kama kile cha Jambiani. Tatizo langu kubwa halimo katika mitaala. Liko kwenye fildi. Mwanafunzi hupelekwa hotelini wakati wa wageni wengi, huwekwa katika idara yenye upungufu wa watu, na hukaa humohumo mpaka fomu yake isainiwe. Aliyepelekwa usafi wa vyumba anaondoka akijua usafi wa vyumba, kazi ambayo angeweza kuijua kwa wiki tatu. Waajiri wa Bara wenye wafanyakazi kumi au zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kwa mishahara. Wana haki ya kudai mafunzo bora, na wana wajibu wa kufungua milango ya ofisi zao ili mafunzo hayo yakamilike.

Mwekezaji ana jibu lake, na ni la kusikilizwa kwa heshima. Hoteli ni mamilioni ya dola yaliyowekwa mbali na nyumbani. Stoo, jiko na baa ni mahali ambapo fedha huvuja kimyakimya, na anayeshika funguo hizo lazima aaminike. Ndiyo maana humleta mtu wake. Sikatai hofu hiyo, ila nakataa tiba yake. Wizi wa stoo huzuiwa kwa taratibu: anayeagiza asiwe anayepokea, anayepokea asiwe anayelipa, mali ihesabiwe na mtu wa idara nyingine bila taarifa. Utaratibu huo unamlinda mwenye mali dhidi ya mgeni na mwenyeji sawasawa. Meneja wa kutoka nje naye hukaa miaka michache, kisha huondoka na kila alichojifunza kuhusu wasambazaji, majirani na misimu ya hapa. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayotumika Bara, iliona hilo: inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayerithi nafasi, na inaweka ukomo wa muda kwa kibali cha kazi pamoja na kuhuishwa kwake. Udhaifu ni kwamba mpango wa kurithishana unaweza kubaki karatasi kwenye faili. Msaidizi anaweza kuwa na cheo mlangoni na asiione ripoti ya mapato hata mara moja. Mkaguzi wa kazi angeuliza swali moja tu: ripoti ya mwezi uliopita, nani aliiandaa?

Hoja ya lugha nayo hutajwa mara kwa mara, na ndiyo inayonishawishi kidogo kuliko zote. Vijana wa Malindi, Watamu na Kiwengwa wamejifunza Kiitaliano ufukweni kwa kusikiliza wageni, wengine bila siku moja ya darasa. Anayemudu lugha namna hiyo hatashindwa Kiingereza cha ripoti. Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka majumbani, hasa Zanzibar, ambako wazazi wengi hawapendi binti yao afanye kazi penye pombe na kurudi usiku wa manane. Huwezi kulijibu kwa kuwashutumu wazazi. Utalijibu kwa gari la wafanyakazi linalomfikisha mpaka karibu na kwao, na kwa kuwaonyesha wazazi hao kwamba hoteli ina ununuzi, uhasibu, rasilimali watu, na ofisi ya mapato, ambazo nyingi hufanya kazi mchana na hazigusi baa. Maadamu familia inaona trei tu, itaendelea kukataa, na sekta itaendelea kukosa nusu ya akili za visiwa hivi.

Kuhusu mkataba wa msimu, kuna wanaosema kwamba hoteli haiwezi kulipa mtu wakati vyumba ni vitupu, na mfano wa Mombasa unawapa nguvu. Mei 2014, baada ya Uingereza kutoa tahadhari kwa raia wake, kampuni za safari ziliwahamisha watalii wao kutoka pwani ya Kenya, hoteli zikafunga na maelfu wakapoteza kazi. Hakuna mkataba ambao ungezuia pigo la namna ile. Lakini masika huja kila mwaka na tarehe zake zinajulikana. Hoteli haihitaji kumbakiza kila mtu. Inatosha kuchagua wasimamizi wachache wenye uwezo, kuwabakiza Aprili na Mei kwa mshahara kamili, na kuwapa kazi ya kuhesabu mali, kufunga hesabu na kuandaa rasimu ya bei. Baada ya masika matatu hoteli ina mtu anayeweza kuongoza idara, na aliyegharimu pungufu ya nauli, nyumba na mshahara wa mtaalamu mmoja wa kuletwa.

Wapo waliokwisha kupata njia nyingine. Dodoma, tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huko, imejaa hoteli na lodge zinazoishi kwa mikutano na safari za kikazi. Wateja ni Watanzania, wenye mali wengi ni Watanzania, na meneja hufunga hesabu mwenyewe kila usiku. Kurasa za uchumi hazizipi nafasi stahiki, ingawa kwa kijana anayetaka kujifunza uendeshaji wote wa hoteli, miaka miwili katika lodge ya vyumba 30 ina faida kuliko miaka mitano ya kubeba trei kwenye hoteli ya vyumba 300. Dubai na Doha nazo zimechukua vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Huko nidhamu ya taratibu ni kubwa na jina la hoteli husaidia kwenye barua ya maombi, lakini anayekwenda kwa kazi ileile ya mkahawa na kurudi na kazi hiyohiyo hajapanda, ameongeza kipato tu.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitapokea Kombe la Mataifa ya Afrika, na hoteli zitaajiri tena kwa wingi. Kijana anayeomba fildi msimu huu aandike waziwazi katika barua yake kwamba anaomba wiki mbili stoo na wiki mbili za kufunga hesabu mapokezi usiku. Meneja atakayeipokea barua hiyo, namsihi ampe.