Flatpak: Programu Zilizofungiwa Katika Linux

Programu ya kawaida katika Linux hufanya kazi kwa haki zako mwenyewe: faili unayoweza kuifungua wewe, nayo inaweza kuisoma. Flatpak huifungia kila programu katika eneo lake. Ikitaka kufikia vitu vya nje, sharti iwe na ruhusa.

Hatua za kufuata (Ubuntu):

1. Sakinisha Flatpak:
sudo apt install flatpak

2. Unganisha ghala la programu, Flathub:
flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo

3. Sakinisha programu, kwa mfano VLC:
flatpak install flathub org.videolan.VLC

4. Iendeshe:
flatpak run org.videolan.VLC

5. Kagua ruhusa zake:
flatpak info --show-permissions org.videolan.VLC

Zingatia: Usiandike kwamba programu iliyofungiwa ni salama kabisa. Ruhusa za mwanzo hupangwa na anayetengeneza kifurushi. Ukiona filesystems=host, ujue programu imefunguliwa mlango wa faili zako. Ufunge hivi:
flatpak override --user --nofilesystem=host org.videolan.VLC

Kisha ikihitaji folda moja, iruhusu hiyo tu. Kwa mfano, folda ya muziki:
flatpak override --user --filesystem=xdg-music org.videolan.VLC

Ukiulizwa kuhusu usalama, taja mambo mawili: kufungiwa kwa programu, na ruhusa ilizopewa.