Je, Wajua? Wenye Madaftari na Wenye Kahawa

Je, wajua kwamba Mzungu aliyeitangaza Karagwe huko Ulaya alikuja na futi ya kupimia? John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika Novemba 1861. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 aliorodhesha kwa inchi vipimo vya shemeji mmoja wa mfalme, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa: mkono, kifua, paja. Ili akubaliwe kupima, aliahidi naye kumwonyesha mama huyo mikono na miguu yake mitupu. Walau walipeana. Mwenzake, James Grant, mguu ulimuuma akabaki Karagwe hadi Aprili 1862, na Rumanyika ndiye aliyemtunza.

Je, wajua kwamba jina la mwenyeji huyo leo limo kwenye vibao vya TANAPA? Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilitangazwa mwaka 2019.

Siku hizi futi haimo kwenye mkoba. Mtafiti anayetaka kuuliza maswali Kayanga au Murongo huanzia COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kutoka hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mara nyingi anajua zaidi ya maswali yote yaliyomo kwenye dodoso.

Je, wajua kwamba wanaanthropolojia wengi waliofika Kagera waliishia kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, wakawapita Wanyambo wa Karagwe pembeni? Priscilla Reining, Mmarekani, aliishi Buhaya miaka ya 1950. Brad Weiss akafuata na kuandika kitabu kizima kuhusu kahawa ya huko, kikatoka mwaka 2003. Kwa upande wa Karagwe, aliyeandika historia ya ufalme wenyewe ni Mtanzania, Israel Katoke. Kitabu chake kilichapishwa Nairobi mwaka 1975. Na aliyevichambua vitenzi vya Runyambo hadi akapata udaktari Berkeley mwaka 1993 ni Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Reining huyo hakukaa mahali pamoja. Alianza na swali la nani anamiliki kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, na nani anakilima tu. Baadaye akawa miongoni mwa wanaanthropolojia wa mwanzo kutumia picha za setilaiti kutazama vijiji vya Afrika, na mwaka 1989 jina lake likatokea kwenye makala ya kitabibu iliyolinganisha tohara ya wanaume na maambukizi ya virusi vya UKIMWI barani. Migomba, setilaiti, tohara: maisha ya mtu mmoja.

Je, wajua neno watwarwa? Hao walikuwa wapangaji chini ya nyarubanja, utaratibu ambao familia ililima kibanja huku ikimlipa bwana wake kodi. Uhuru ulipita mwaka 1961 na wao bado wanalipa. Sheria ya kuwakomboa ilitungwa mwaka 1965, nyingine ikafuata mwaka 1968. Ukitaka kujua uraia una uzito gani shambani, jiulize mtu anajionaje raia wa nchi huru wakati mgomba aliopanda si wake.

Sasa hili, nalo ni refu kidogo. Je, wajua kwamba daftari la mwanaanthropolojia linaweza kuja kumpokonya mwanamke shamba, miaka mingi baada ya mwenye daftari kufa? Hans Cory, Mwaustria, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1945 yeye na ofisa mwenzake, Hartnoll, walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Walikaa na wazee, wakauliza, wakaandika vifungu na namba. Mila iliyokuwa ikijadiliwa barazani, huyu akivuta huku na yule kule, ikaingia kitabuni na kukaa kimya. Cory alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata serikali ya uhuru ilitangaza sheria za mila zilizokusanywa kwa njia hiyohiyo, na kanuni ya 20 ya urithi ikasema mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuitumia maisha yake yote, ila asiiuze.

Mwaka 1988 mama mmoja wa Kagera aliiuza. Baba yake alikuwa amemwachia shamba kwa wosia, naye akaliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi na haikubaliki mbele ya Katiba. Wanasheria wanaijua kama kesi ya Ephrahim na Pastory, na hufundishwa mpaka nje ya Afrika.

Kwa nini isiwe 1970, kwa nini 1990? Kwa sababu Haki za Binadamu ziliingia katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 tu, na serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla ya raia kuruhusiwa kuzidai mahakamani. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Mama wa watu aliuza shamba Agosti ya mwaka huohuo. Huo ndio uitwao wakati.

Wanaanthropolojia nao walikuwa wapi katika habari za haki? Je, wajua kwamba mwaka 1947 chama chao cha Marekani kilipinga wazo la tamko moja la haki kwa binadamu wote? Waraka uliandaliwa na Melville Herskovits, na hoja ilikuwa kwamba kila utamaduni una vipimo vyake, hivyo tamko la dunia lisije likawa mila za Ulaya zilizovalishwa kanzu. Umoja wa Mataifa ukapitisha Tamko lake mwaka 1948 bila kuwasubiri. Chama hicho kilikuja kutoa tamko la kuunga mkono haki za binadamu mwaka 1999, nusu karne ikiwa imepita. Mimi sioni kwamba Herskovits alikosea kila kitu. Ila ningependa kujua angemwambia nini mama yule wa Sh 300,000.

Haya, uraia. Kyerwa, jirani ya Karagwe, imezungukwa na Mto Kagera pande mbili: ng'ambo ya magharibi Rwanda, ng'ambo ya kaskazini Uganda. Mto huohuo mtu amezoea kuuvuka kwenda harusini, msibani na gulioni. Neno la heshima ambalo mwenyeji humwitia mgeni ni waitu, na maana yake ya ndani ni "wetu". Ofisi za Uhamiaji zina msamiati mwingine.

Je, wajua kwamba sheria ya uraia ya mwaka 1995 inatambua njia tatu tu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi? Tajnisi ni Kiarabu, mzizi wake mmoja na jinsi na jinsia. Yaani mtu anatiwa katika jinsi ya wenyeji kwa cheti.

Mapema mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri hawakuwa raia wa Tanzania. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwanahabari aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Mwingine alikuwa Anatory Amani, kiongozi wa CCM mkoani Kagera. Wote wawili waliendelea na maisha hapahapa, na Amani baadaye akawa Meya wa Bukoba. Kama waliofika ngazi hizo waliweza kuulizwa babu zao walizaliwa wapi, fikiria mkulima wa Murongo ambaye cheti chake cha kuzaliwa ni kumbukumbu ya mama yake kwamba "ulizaliwa mwaka wa njaa".

Je, wajua kwamba Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi? Karagwe nayo ilipata kambi zake, Chabalisa ikiwa mojawapo, hadi wakimbizi waliporudishwa Desemba 1996. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Walioondoka kuelekea Rwanda walizidi 10,000, na wamo waliokuwa wamelima na kuoa hapa kwa miongo kadhaa. Katika operesheni za namna hiyo swali la nani mwenyeji hurudi kijijini, kwa jirani anayemjua jirani. Jirani, lakini, anaweza pia kuwa analikodolea macho zizi la ng'ombe la mwenzake, au kibanja chake.

Mwanaanthropolojia aliyelisoma jambo hili vizuri kuliko wengi hakulisomea Kagera. Liisa Malkki alikaa miaka ya 1985 na 1986 na wakimbizi wa Burundi huko Mishamo na katika mji wa Kigoma. Wa kambini walijiona taifa lililo uhamishoni, wakisimuliana historia yao usiku na mchana. Wa mjini walijichanganya, wakabadili majina na lafudhi, wakaenda zao sokoni. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 miongoni mwa wakimbizi hao wa Burundi, waliokuja mwaka 1972, na vizazi vyao walipewa uraia wa Tanzania. Taifa la uhamishoni likapokea vyeti vya tajnisi.

Tuje kwenye kahawa, maana Karagwe na Kyerwa bila kahawa ni habari nusu.

Je, wajua kwamba Chama Kikuu cha Ushirika Karagwe, KDCU, kilianza mwaka 1990 baada ya kujitenga na KCU, chama kikuu cha Bukoba? Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini ushirika haukumegwa: AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, za pande zote mbili bado zinapeleka kahawa ya maganda kwenye chama kimoja.

Kabla ya hapo, Mei 1976, serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika nchini kwa tamko, mali zake zikaenda kwenye mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mzee aliyepata kadi ya uanachama kabla ya 1976 anajua maana ya kuambiwa kitu ni chako, kisha si chako, kisha ni chako tena.

Butura. Neno hili ukilitamka Karagwe hakuna anayeuliza maana. Kahawa ingali maua mtini, mkulima ana mgonjwa au ada ya shule, mwenye fedha anakuja na kuinunua kwa bei ya maua. Wakati wa mavuno gunia ni la mwingine. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi imerudi, kwa sababu marufuku hailipi ada. Ushirika unaolipa miezi baada ya kupokea mzigo, tena kwa awamu, ndio unaomtengenezea mnunuzi wa butura njia, na mwenzake wa magendo anayevusha maganda usiku kwenda Uganda.

Je, wajua tofauti ya ushirika wa wakulima na ushirika wa wafanyakazi? Katika AMCOS, mwanachama ni mwenye kahawa. Kibarua anayeanika na kubeba magunia haingii kwa jasho lake. Analipwa ujira na kuondoka. Na mwenye kahawa ni mwenye miti, mwenye miti ni mwenye kibanja, na kibanja, kama tulivyoona kwa Cory, kwa kawaida kilirithiwa na nani? Mke anachuma, mume anasaini.

Ushirika wa wafanyakazi wenyewe Tanzania iliwahi kuuonja. Mwaka 1973, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukiwa mkononi, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha uzalishaji wenyewe. Issa Shivji ameieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Wahispania wa Mondragón, walioanza ushirika wao wa wafanyakazi mwaka 1956 wakiongozwa na padri, hutajwa duniani kote kama mfano wa kuigwa. Mwanaanthropolojia Sharryn Kasmir alikwenda kuona, akalinganisha kiwanda cha ushirika na cha mtu binafsi, na kitabu chake cha mwaka 1996 kikasema wale wa mashine upande wa ushirika hawakujiona wenye mali kama wakubwa wao walivyodai. Ningemlipia nauli aje Kayanga msimu wa mavuno.

Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Wakulima Wadogo, kwa kura 121 dhidi ya 8. Muulize mkulima wa Nkwenda kama amelisikia.

Je, wajua kwamba kijiji kimoja cha Bukoba Vijijini, Nyakatoke, kinajulikana kwa wachumi wa dunia? Mwaka 2000 watafiti waliuliza kila mtu mzima katika kaya zake zote 119: ukipata shida unamtegemea nani? Ramani ya majibu hayo imechambuliwa na wasomi ambao hawajawahi kuonja senene.

Zamani kahawa ya Kagera ilitafunwa, haikunywewa. Ilichemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa, mgeni akapewa kiganjani. Na waliofanya undugu wa damu walitumia tunda moja la kahawa, lenye mbegu mbili: kila mmoja akaila mbegu iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo hakuna aliyeuliza babu alizaliwa ng'ambo gani ya mto.

Na la mwisho: je, wajua makaratasi ya Hans Cory yako wapi? Yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye vibanja alivyoviandikia sheria. Yanatolewa kwa anayeomba.