Msamaha wa Kodi na Magari ya Umeme Nchini Norway

Miongoni mwa dola zilizoazimia kuyaondoa barabarani magari ya petroli na dizeli, hakuna iliyofika mbali kama Norway, ambako mwaka 2024, katika kila magari mapya 100 yaliyouzwa, takriban 89 yalikuwa ya umeme mtupu. Na la ajabu ni kwamba dola hiyo, ambayo hazina yake hujazwa na mafuta inayowauzia wengine, haikuharimisha gari lolote, bali ilishughulika na mfuko wa mnunuzi.

Habari yenyewe ilianza kwa vituko. Mwaka 1989 mwanamazingira Frederic Hauge, akifuatana na waimbaji wa kundi la a-ha, aliingiza nchini Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, akawa anapita vizuizini bila kulipa tozo ya barabara, hata gari likakamatwa na kunadiwa kwa deni, nao wakalinunua tena wenyewe. Mwaka uliofuata serikali iliyaondolea magari ya namna ile ushuru wa usajili, mwanzoni kwa muda tu. Mwaka 1997 ikayasamehe tozo, na 2001 ikayafutia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko ni asilimia 25. Na kwa kuwa gari la petroli hutozwa kwa kadiri ya uzito na moshi wake, lile la umeme, lililotoka kiwandani likiwa ghali zaidi, lilifika dukani likiwa rahisi.

Wanaoisifu Norway aghalabu husahau kwamba sehemu ya azma ya awali ilikuwa kulea kiwanda cha nyumbani. Kiwanda hicho, Think, kiliunda vigari vyake, kikapitia mikononi mwa Ford, kisha kikafilisika mwaka 2011, soko likiwa ndiyo kwanza linachangamka. Faida ikaenda kwa Nissan ya Japani na baadaye Tesla ya Marekani. Msamaha ulionuiwa fundi ukamnufaisha mnunuzi, tena, tuseme kweli, mnunuzi mwenye nacho.

Hazina nayo imeanza kudai chake: mwaka 2023 ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa sehemu ya bei iliyozidi krona 500,000, na tozo za barabarani zimerejea. Marufuku bado haipo. Ila anayeitaka Volkswagen Golf mpya ya petroli haipati, maadamu tangu Januari 2024 kampuni hiyo huuza huko magari ya umeme peke yake.