Jino la utotoni lenye hadithi ya miaka milioni 200

MWEZI uliopita binti yangu wa miaka sita aling'oka jino la mbele. Nyanyake alimtoa nje, akamwonyesha namna ya kulirusha juu ya paa na kuomba apewe jipya, kama alivyofanya yeye mwenyewe alipokuwa msichana. Jino likagonga bati, likateleza, likanasa kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mtoto akarukaruka kwa furaha. Kisha akauliza: "Nyanya, na hilo jipya likitoka, nitalirusha pia?"

"La, mjukuu wangu. Hilo ndilo la mwisho. Ulitunze."

Swali la mtoto huyu limewashughulisha wataalamu wa visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, kwa miaka mingi. Mamba wa Mto Tana hana haja ya kutunza jino lolote. Likivunjika, lingine liko chini yake tayari, na katika maisha yake huota maelfu. Kwa nini sisi tupewe mara mbili tu?

Jibu limo katika maziwa ya mama. Mtoto wa mamba hutoka kwenye yai akiwa na meno tayari, na siku hiyo hiyo anaweza kuanza kuwinda. Taya lake ni dogo, kwa hivyo lazima abadilishe meno tena na tena kadiri linavyokua. Meno hayo ni ya kukamata tu. La juu na la chini hayasagiki pamoja, basi yakitoka ovyo hakuna hasara.

Mtoto wa mamalia, awe wa binadamu au wa panya, huanza kwa kunyonya. Taya hukua kabla meno hayajahitajika. Meno yanapofika, hukaa kwa mpango, magego ya juu yakilingana na ya chini kama mawe mawili ya kusagia. Ndiyo maana tunaweza kutafuna. Lakini meno yanayolingana hivyo hayawezi kung'oka kila mara, la sivyo usagaji wote ungeharibika.

Maziwa hayageuki mawe. Hata hivyo, mtaalamu akiokota taya la kale na kuona kwamba meno yake yalibadilishwa mara moja tu, ana sababu nzuri ya kushuku kwamba mwenye taya hilo alinyonyeshwa.

Ukitaka kuona mambo yalivyoanza, nenda Karoo, nyanda kavu za Afrika Kusini. Huko miamba imehifadhi mnyama aitwaye Thrinaxodon, aliyeishi miaka milioni 250 hivi iliyopita. Alikuwa na ukubwa wa paka mdogo na alilala kwenye mashimo. Si mjusi, wala si mamalia kamili. Alikuwa na meno ya mbele, chonge na magego, kila aina na kazi yake, lakini bado aliyabadilisha mara nyingi. Taya lake la chini pia lilikuwa limeungwa kwa mifupa kadhaa, kama la mjusi. Lako wewe ni mfupa mmoja tu.

Ile mifupa mingine ilikwenda wapi? Jibu lilikuja kutoka machimbo ya mawe ya Wales, Uingereza. Mwaka wa 1949 mtaalamu Mjerumani, Walter Kühne, alimpa jina Morganucodon mnyama aliyepatikana huko. Tangu hapo vipande vingi sana vya mifupa na meno yake vimetolewa katika nyufa za mawe ya chokaa. Aliishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, wakati dinosau walipokuwa wakianza kutawala. Mwili wake ulikuwa wa sentimita 10 hivi. Ungemwona leo ungedhani ni kirukanjia.

Mnyama huyu mdogo alibadilisha meno ya mbele mara moja, na magego yake ya nyuma hakuyabadilisha kamwe. Ni sawa kabisa na binti yangu. Taya lake nalo lina ajabu: lilikuwa na bawaba mbili, sako kwa bako. Moja ni ile ya kale, ya mifupa midogo ya nyuma. Ya pili ni mpya, ambapo mfupa wenye meno umegusa fuvu moja kwa moja.

Weka kidole mbele ya sikio lako, ufungue mdomo na kuufunga. Hiyo unayoisikia ikicheza ni bawaba mpya. Ilipochukua mzigo wote wa kutafuna, mifupa ya bawaba ya kale ilibaki bila kazi nzito. Ikapungua, ikajitenga na taya, ikaingia sikioni. Leo tunaiita nyundo na fuawe, nayo hupokea mtikisiko kutoka kwenye kiwambo cha sikio na kuupeleka ndani. Yaani unaposikia mtu akikuita jikoni, unatumia mifupa ambayo mababu wa kale sana waliitafunia.

Najua wapo watakaoguna hapa. Lakini Mjerumani mwingine, Karl Reichert, alionyesha jambo hili mwaka wa 1837, kabla Morganucodon hajajulikana. Aliona katika vijusi vya nguruwe kwamba nyundo ya sikio huanza ikiwa imeshikamana na taya. Na mwaka wa 2007 wataalamu walieleza juu ya Yanoconodon, mamalia wa China wa miaka milioni 125 hivi iliyopita, ambaye mifupa yake ya sikio ilikuwa ingali imefungwa kwenye taya kwa kijiti kimoja chembamba.

Mabadiliko hayakuja yote kwa siku moja. Mwaka wa 2020 watafiti walitumia eksirei zenye nguvu kuhesabu miduara katika mizizi ya meno ya Morganucodon, kama mtu anavyohesabu miduara ya mti uliokatwa. Walikuta kwamba aliweza kuishi hadi miaka 14. Mamalia wa kimo hicho leo huishi mwaka mmoja, miwili au mitatu. Hivyo mwili wake ulikuwa bado unakwenda polepole kama wa mjusi, ingawa kinywa chake kilikuwa tayari cha mamalia.

Kenya inasifika kwa visukuku vya binadamu wa Turkana, lakini kwa hawa wadogo inabidi tubishe hodi kwa majirani. Huko Tendaguru, kusini mwa Tanzania, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosau wakubwa kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Katika shehena hiyo mlikuwa na taya moja dogo la mamalia, nalo, kwa bahati mbaya, halikuwa na jino hata moja. Lesotho ilitoa Megazostrodon mwaka wa 1966, jamaa wa karibu wa yule wa Wales. Na katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, limepatikana taya la Galulatherium, aliyeishi siku za mwisho mwisho za dinosau. Huyu alikuwa na meno yasiyoacha kukua, kama ya sungura, kwa hivyo hata yakilika hakujali.

Wengi wetu hatukupata bahati hiyo. Mwulize ndovu. Yeye hupewa magego sita kila upande wa taya, yakija moja baada ya jingine kutoka nyuma. La sita likiisha, akiwa na miaka kama 60, hawezi tena kusaga nyasi wala magome. Hutafuta majani laini kwenye vinamasi, na mwishowe hufa kwa njaa.

Nilipomsimulia nyanya habari za ndovu alicheka sana, mkono ukiwa mdomoni. Yeye mwenyewe amebakisha magego mawili, na yote yako upande mmoja.